Mpangaji wangu ana miguu minane

Kabla sijaulizwa niseme mwenyewe: sijalogwa, na wala silogi mtu. Nafuga nge. Mmoja tu, mdogo, ukimpima toka magando mpaka ncha ya mkia hafiki kidole changu cha kati, rangi yake kama chai iliyozidishwa maziwa, na anakaa kwenye kontena la plastiki juu ya kabati chumbani kwangu hapa Ngamiani, Tanga. Jina lake Mpangaji, maana mchana kutwa amelala, usiku ndo anatoka, kodi halipi na ukimgongea anakasirika.

Alikuja na mkaa. Mjomba anaendesha lori la mizigo, akipita pande za Mkomazi huwa anatubebea gunia, sasa siku hiyo namimina mkaa kwenye pipa la uwani nikaona kijiti kinatembea. Nikainama kuangalia vizuri, kijiti kikanyanyua mkia. Bibi alikua keshavua kandambili zamani.

"Ua!"

"Bibi subiri kwanza."

"Nisubiri nini, nisubiri mnisomee hitma?"

Mimi mwenyewe nge nimeua wengi tu tangu utoto, sio kwamba nlikua na huruma za ajabu. Ila siku ile kilichonikamata ni kwamba yule mdudu hakukimbia. Kandambili ya bibi ni namba saba, ukilinganisha na yeye ni kama mimi nisimamiwe na basi la Moshi, na bado alisimama pale kwenye vumbi la mkaa kakunja mkia, magando mbele, anasubiri. Nikamfunika na bilauri, nikapenyeza karatasi gumu la kalenda chini yake, nikambeba hivo hivo mpaka chumbani huku bibi ananifata nyuma anasoma kila dua anayoijua.

Masharti ya bibi yalikua matatu na hayajabadilika mpaka leo. Mfuniko ufungwe na mpira wa tyubu. Wajukuu wakija wikiendi chumba kinatiwa kufuli na funguo inakaa kwake. Na mwezi ukiwa akarabu kontena halifunguliwi kwa sababu yoyote ile. Hilo la tatu watu wa bara wanaweza wasilielewe, kwetu pwani mwezi ukipita kwenye nyota ya nge huwa ni siku za kutulia, huanzi safari, hufungi ndoa, hufungui biashara. Mwezi unazunguka nyota zote kumi na mbili kwa siku ishirini na saba hivi, kwa hiyo kila mzunguko una siku mbili na ushee za akarabu, na bibi ana kalenda ukutani shekhe wake kamwekea alama ya wino mwekundu. Mimi sikubishana. Nge kukaa siku mbili bila kufunguliwa wala hajui kama kuna kitu kimekosekana.

Sasa nije kwenye ufugaji wenyewe, na hapa ndo nlipokosea mwanzoni karibu nimuue kwa mapenzi.

Jangwa la kweli sisi Tanzania hatuna, lakini kama umewahi kupanda basi la kwenda Moshi mchana utakua umeona, ukishapita Mombo milima ya Usambara inakua kulia kwako imejaa kijani na mawingu, na bonde unalopita wewe ni kavu, miba, mkonge, udongo mwekundu, mbuzi wamesimama chini ya kimti kimoja. Pepo zenye mvua zinatoka baharini, zinagonga milima, mvua inaishia huko juu, Mkomazi wanapata mabaki. Huko ndo kwao Mpangaji. Kwa hiyo maelekezo yote yaliyonifaa ni yale ya watu wanaofuga nge wa jangwani, wale wa Arizona na California huko Marekani wenye lile linge lao lenye manyoya, Hadrurus arizonensis, ambalo linafika hadi sentimita 14. Nikasoma usiku kucha. Mchanga mkavu, pa kujificha, hewa ipite, maji kidogo sana, joto. Wenzetu joto wananunua, wanaweka kimkeka cha umeme pembeni ya tanki. Nikacheka, nikasema joto la kutafuta tena? Hapa Tanga?

Joto tunalo, ila nlisahau hewa yetu ni ya namna gani. Hii hewa inalainisha biskuti ndani ya saa moja. Chumvi kwenye kikopo inashikana mpaka uigonge na kijiko. Mkanda wa ngozi ukiutundika nyuma ya mlango wiki mbili unautoa umeota ukungu wa kijani. Sasa chukua mnyama ambaye mwili wake wote umetengenezwa ili maji yasitoke, gamba lake lina nta juu, hata choo chake kinatoka kikavu, alafu umtie kwenye boksi la plastiki lenye tundu nne kwenye mfuniko, na juu ya hapo mimi mtu wa huruma nikawa nampulizia maji kila asubuhi na ile chupa ya saluni nikifikiri ana kiu! Wiki ya tatu mchanga unanuka. Wiki ya nne naona vitu vyeupe kama unga kwenye maungio ya miguu, nikaangalia na kamera ya simu nimeizumu, kumbe unga unatembea. Utitiri. Na pembeni ya gome la mti analojifichia ukungu umeshatanda.

Basi nikatoa kila kitu nikamwaga. Mchanga wa baharini sikuutaka kwa sababu ya chumvi, wa fundi ujenzi una vumbi la simenti, nikakaa nawaza, nikamkumbuka mama muuza karanga wa pale kona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, leo nikufungie za shilingi ngapi?"

"Leo nataka mchanga."

Akaniangalia. Nikamueleza, nikamueleza tena, akaita shoga yake aje asikie. Lakini akanipa, kopo zima, na mpaka leo nasema hakuna mchanga bora Tanga nzima kuliko ule wa kukaangia karanga, umechekechwa, umekaangwa mara elfu, hauna unyevu, hauna mdudu, tatizo lake ni kwamba wiki ya kwanza chumba chote kilikua kinanukia karanga nikawa nashinda na njaa.

Mfuniko nikaukata katikati nikabandika wavu wa dirishani, na pembeni nikatoboa tundu na msumari wa moto, safu mbili zinatazamana ili hewa ipite. Alafu kuna vile vipakiti vidogo vya punje punje unavyovikuta kwenye boksi la viatu vipya vimeandikwa usile, vinanyonya unyevu, nikawaambia jamaa wa viatu wanitunzie, navifunga nje ya wavu ili mdudu asiviguse. Maji anapata kwenye kizibo cha soda kilichotiwa kijiwe ili mende wake asizame, mara moja kila siku kumi, jioni naweka asubuhi natoa. Utitiri ulichukua kama mwezi kuisha, wengine nikawa nawatoa kimoja kimoja na brashi ya rangi ya mtoto huku nimemshika mkia na ile koleo ndefu ya maandazi. Mkono sijawahi kumshikia na sitamshikia, kuna watu wanapiga picha nge yuko kiganjani wanatafuta laiki, hiyo sio mimi.

Maana lazima niseme ukweli hapa: nge mwenye magando makubwa mapana na mkia mwembamba kwa kawaida anategemea magando, sumu yake ndogo. Mwenye magando membamba kama vibanio na mkia mnene, huyo ndo wa kumuheshimu. Mpangaji ni wa hiyo ya pili, ukoo wanaouita Buthidae, ambao karibu nge wote hatari duniani wanatoka humo. Aina za nge zimepita 2,500 na zinazoweza kuua mtu ni chache sana, ila sumu haisomi takwimu, inaangalia uzito wa mwili, na mtoto wa kilo kumi sio sawa na mimi. Ndo mana kufuli la bibi sijawahi kulilalamikia.

Chakula. Nlidhani nitahangaika, kumbe mende mmoja kwa wiki anamtosha na zingine halii kabisa. Kosa unaloweza kufanya ni kumpa mende wa jikoni wakati nyumba mnapuliza dawa, unamlisha sumu. Mimi nafuga mende wangu kwenye ndoo yenye maganda ya ndizi na trei ya mayai, jambo ambalo bibi halijui na ikitokea amesoma hapa basi ndo tumeachana. Anavyokula ni kitu cha kukaa ukaangalia. Hatafuni kama sisi, anamshika mende na magando, kama ni mdogo hata sumu hapotezi, anaanza kumsaga polepole na vile vimeno viwili vya mdomoni huku anamtemea maji ya tumboni mpaka nyama inakua uji, ananywa. Saa mbili, saa tatu. Asubuhi unakuta kidonge kikavu cha mabawa na miguu kimeachwa pembeni.

Na hamuoni yule mende! Ana macho, mawili katikati ya mgongo na mengine pembeni, ila kwa kuwinda macho hayamsaidii sana, anasikiliza na miguu. Kuna Mmarekani anaitwa Philip Brownell alichapisha utafiti wake mwaka 1977 kuhusu nge wa mchanga wa jangwa la Mojave, akaonyesha kwamba mdudu akitembea au akichimba anatuma mawimbi kwenye mchanga, na nge miguu yake minane imekanyaga duara, mguu uliotikiswa kwanza ndo unamwambia upande. Mende aliyejifukia karibu nusu mita anamjua alipo. Mimi nikajaribu na kijiti cha ufagio, nikagusa mchanga kwenye kona taratibu kabisa, Mpangaji akageuka. Nikagusa kona nyingine, akageuka. Tangu hapo nikaelewa kwanini siku za kigodoro mtaani hatoki kabisa, spika zikianza kudunda saa mbili usiku yeye anajichimbia chini ya gome mpaka kesho yake jioni. Nadhani kwake ni kama dunia nzima imejaa mende wakubwa kama nyumba.

Taa. Hii ndo sehemu naipenda kuliko zote. Mimi ni wakala wa pesa za simu, nina kile kitaa cha zambarau cha kukagulia noti feki. Nlikua nimesoma kwamba nge akimulikwa na mwanga wa urujuanimno anang'aa, gamba lake la juu lina kemikali zinazopokea ule mwanga na kuurudisha kijani, nikasema maneno ya mitandaoni hayo. Nikafunga duka nikaja na taa nyumbani, nikazima balbu, nikamulika. Jamani. Kijani ya kibuluu, kama zile tasbihi za Maka zinazong'aa gizani, mwili mzima, mpaka mwiba. Nikamwita bibi, akasimama mlangoni, akaangalia kimya, akasema "astaghfirullah," akaondoka, na asubuhi akaniuliza kama noti zake za mchezo wa kupeana naweza kuzimulika na hiyo taa hiyo. Usimuwashie muda mrefu lakini, hapendi, anakimbilia kivulini.

Sasa mwezi wa tano tangu aje akagoma kula. Wiki ya kwanza sikujali, ya pili, ya tatu, ya tano. Nge anaweza kukaa miezi bila chakula kwa hiyo njaa sikuiogopa, ila alikua amevimba, ile ngozi laini kati ya pingili imetanuka, na hatembei. Usiku mmoja kama saa nane nimeamka kunywa maji nikachukua taa nimmulike tu kidogo. Akang'aa kama kawaida, kalala ubavu kwenye gome. Nikagonga kontena. Kimya. Nikapuliza. Kimya. Nikachukua koleo nikamgusa mkia akasogea mzima mzima kama karatasi, moyo ukanipasuka, nikasema ndo basi, nimemuua na unyevu wangu. Nikakaa kitandani. Yaani mtu mzima nimekaa kitandani usiku namlilia nge.

Alafu nikaona pembeni yake kuna kitu cheupe, laini, kama kamba aliyemenywa, ambacho taa inakipita bila kukiona. Nikawasha balbu. Mpangaji huyo hapo! Kile kinachong'aa kilikua gamba lake tupu, limepasuka mbele pale juu ya mdomo na yeye katokea humo humo kama mtu anavua kanzu kwa shingoni, miguu yote minane, magando, mpaka mwiba, kila kitu kimeachwa kikamilifu. Kujivua gamba kwenyewe sasa, sio kule kwa wanasiasa wa CCM mwaka 2011. Gamba jipya likiwa bichi haling'ai, linaanza kung'aa kadiri linavyokauka, na kila usiku nikawa namulika sekunde mbili tu kuangalia rangi inavyorudi. Kwa siku zile hupaswi kumtilia mende hai, maana ngozi laini vile mende anaweza yeye ndo akamla. Gamba la zamani nimelitunza kwenye kiberiti, mpaka leo linang'aa, wateja wakinizoea dukani nawaonyesha.

Mnaniuliza kama amewahi kuniuma. Hajawahi. Ila nimeumwa na nge mwingine kabisa, na mkiambiwa wapi mtacheka, bafuni kwetu uwani, nachukua kata kwenye ndoo gizani umeme umekatika, kumbe kimoja chembamba cha madoadoa kimejishika kwa chini. Ilikua kama sindano ya moto, alafu ganzi inatambaa mpaka kwenye kiwiko, vidole vinachonyota, na hiyo ganzi ilikaa mpaka kesho yake. Bibi alikua na kitunguu swaumu mkono mmoja na wembe mkono mwingine, nikaomba kitunguu. Wembe msikubali, kuchanja hakutoi sumu, kunaongeza kidonda tu, na kufunga kamba mkono nako vile vile. Osha na sabuni, weka kitu cha baridi, nenda zahanati. Na akiwa mtoto msisubiri muone, mkiona mate yanamtoka ovyo, macho yanazunguka, anatapika, anatetemeka au anahema kwa shida ni hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku, tafuta bajaji.

Kilichonichosha kuliko maumivu ni watu wanaokuja dukani kuniuliza bei ya sumu. Kuna habari zinazunguka kwamba sumu ya nge lita moja unajenga ghorofa. Ndugu yangu, nge mmoja ukimkamua unapata tone ambalo ni sehemu ndogo sana ya gramu, hiyo lita utaipata ukiwa na nge wangapi na wajukuu wangapi wa kukusaidia kukamua? Anayekuomba hela ya mtaji wa nge ni tapeli kama wa pembe za ndovu. Mwingine akaniambia tupeleke nje, maana huko wapo wanaomjua vizuri nge wa kwetu, yule mweusi mkubwa wa magando mekundu, Pandinoides cavimanus (zamani aliitwa Pandinus cavimanus), wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamuita kabisa kwa jina la Tanzania. Nikamwambia serikali ilifunga kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016, na hata wangefungua, mpangaji hauzwi.

Masika ndo hiyo inaanza, jana imenyesha tangu alfajiri mpaka magharibi, nimemhamishia juu ya friji kwa nyuma kule ambako kuna joto kavu la injini, vipakiti vyote nimevianika upya kwenye karai la moto mdogo. Ijumaa naenda Dar kwa dada, nakaa wiki mbili. Bibi akaniuliza huyo mgeni wako unamwachia nani, nikamwambia hahitaji mtu, kashakula juzi, kizibo cha maji nimeweka. Akanyamaza. Akaenda kwenye kalenda yake, akaweka miwani, akafata wino mwekundu na kidole.

"Basi la saa ngapi?"

"La saa kumi na mbili asubuhi."

"Akarabu inatoka saa nne."

Nimekata tiketi ya saa tano.